Kibali cha Kusafirisha Sala

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi ambayo jina lake haliruhusiwi kutajwa katika hadithi, ila katika shukrani linaruhusiwa. Nchi hiyo ilikuwa na amani nyingi kiasi kwamba serikali ililazimika kuunda wizara ya kuilinda, nayo ikaitwa Wizara ya Utulivu na Ibada. Wananchi walilala mapema na kuamka mapema, na ukiwauliza habari walijibu "nzuri" kabla hujamaliza kuuliza.

Ng'ambo ya mto Lumeso palikuwa na nchi nyingine, na kila mtu aliiita Ng'ambo tu. Mtawala wake, aliyejulikana kama Mlezi wa Taifa, alikuwa ametoka kushinda uchaguzi kwa asilimia mia moja na nne. Watu wa Ng'ambo walikuwa wamemkubalia tisini na nane kwa miaka mingi bila kunung'unika. Safari hii walihesabu, wakarudia kuhesabu, kisha wakaingia barabarani. Wanajeshi wa Mlezi nao wakaingia barabarani. Kufikia Ijumaa milio ilikuwa inasikika hadi upande huu wa mto, na redio ya taifa ikaeleza kuwa jirani zetu wanasherehekea kwa fataki.

Hulda Msembo alizisikia hizo fataki akiwa ofisini kwake, nyuma ya kanisa la Lumeso. Alikuwa karani wa usharika kwa miaka ishirini na sita. Aliandika vyeti vya ubatizo, alitunza funguo za stoo ya viti, na kila Jumapili alisoma matangazo. Hii kazi ya matangazo ndiyo iliyompa heshima, maana washarika wa Lumeso waliweza kusinzia wakati wa mahubiri, lakini kwenye matangazo hakuna aliyefumba jicho. Siku hiyo aliweka kalamu chini akataja jina moja kimoyomoyo. Damari.

Inabidi hapa ielezwe desturi moja. Kabla mto haujafanywa mpaka, usharika wa Lumeso na ule wa Ng'ambo ulikuwa usharika mmoja. Mpaka ulipochorwa, wanaume waligawana mabenchi, wakagombania kengele. Wanawake walikataa kugawana. Badala yake wakaamua kwamba kila mwanamke wa upande huu atakuwa na dada wa sala wa upande ule. Watabadilishana khanga, na kila Jumatano alasiri kila mmoja atamtaja mwenzake kwa jina mbele za Mungu. Jina likitajwa, wengine huitikia, "Tuko naye." Hulda mwenyewe ndiye aliyewafunda wake wapya kwamba sala isiyo na jina ni barua isiyo na anwani. Dada yake yeye alikuwa Damari Nyambele, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke wa maneno machache na kicheko kizito. Walikuwa wameombeana kwa miaka ishirini na miwili.

*

Serikali, ambayo hailali, iliwaza upesi. Kabla wiki haijaisha Wakristo wote wa tarafa waliitwa kwenye Semina ya Mwitikio Sahihi wa Mwamini kwa Yale Yasiyotokea Nje ya Nchi. Waziri alikuja mwenyewe. Wanafunzi walisimamishwa juani tangu saa mbili ili wamshangilie saa sita, na alipofika saa tisa walimshangilia kwa furaha ya kweli, kwa kuwa sasa wangeruhusiwa kunywa maji.

"Ndugu zangu Wakristo," alisema Waziri, "Serikali haijamkataza mtu kuomba. Serikali inaomba kuwashinda nyote mliopo hapa. Lakini sala ikishavuka mpaka, hiyo si sala tena, ni bidhaa, na bidhaa ina taratibu zake. Tukimwachia kila mama atume angani anachotaka, si tutakuwa tumeingilia mambo ya ndani ya nchi rafiki kwa kupitia mbinguni?"

Watu wakapiga makofi, kwa sababu mpiga makofi mkuu alikuwa ameanza. Waziri akaendelea kufafanua hatua za mwitikio sahihi: kwanza mwamini asisikie, akisikia asielewe, na akiisha kuelewa ashukuru. Kuanzia siku hiyo, kwa mujibu wa Waraka wa Kumi na Saba, kila sala ya kwenda nje ingehitaji kibali cha kusafirisha, na maombi yote ya maandishi yangepita kwanza mezani kwa Afisa Maombi wa Tarafa.

Hulda alinyoosha mkono. Aliuliza, kwa adabu zote, mwamini afanye nini iwapo mtu wa Ng'ambo atafika mlangoni kwake ana njaa na jeraha.

"Mama, mtu huyo hawezi kufika," Waziri alijibu kwa upole mkubwa, "kwa sababu hajaondoka."

Jibu hilo liliandikwa kwenye kumbukumbu za semina, likapigiwa mstari.

*

Afisa Maombi aliyeletwa Lumeso aliitwa Zebedayo Mkunde. Alikuwa ametokea idara ya mazao, ambako kwa miaka kumi na mitano alipima magunia ya mahindi. Sala nazo alizipokea hivyo hivyo. Alizipima, akazichambua kutafuta wadudu, na kila alichoandika alikitamka kwa sauti kubwa, kama alivyozoea ghalani ili mpagazi wa mwisho asikie uzito. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa taratibu tu, na taratibu zikipata mtu wa aina hiyo, Mungu atuhurumie.

Wiki ya kwanza alikataa sala thelathini na mbili. Neno "haki" lilikatwa kwa kuwa halikusema haki ya nani. "Hata lini" lilikatwa kwa kuwa linaitaka mamlaka itaje tarehe. Neno "asubuhi" lilikatwa kwa kuwa linamfanya msikilizaji adhani kuwa sasa ni usiku. Masomo yote ya Maandiko yanayohusu watu kuvuka maji bila kibali yalisimamishwa hadi taarifa nyingine. Sala moja tu ilipata mhuri, nayo ilisema: Bwana, jirani zetu wako salama, tunakuomba uendelee kutokuwa na wasiwasi.

Baraza la wazee likakutana kutafuta la kufanya. Mzee mmoja alisema mamlaka zote zimetoka juu, basi tunyamaze. Mwalimu wa kwaya, kijana mwenye damu ya moto, alitaka usharika mzima ufunge siku tatu kumwomba Mungu amwangushe Mlezi, amvunje kiuno, na ikiwezekana amwue hadharani. Hulda aliwaambia wote wawili kwamba hakubaliani nao. Kunyamaza ni kumsaidia mpigaji, alisema, na kumwomba Mungu aue ni kutaka kumvika Mungu sare ya jeshi. Watu wanaokimbia wanahitaji uji, dawa, mahali pa kulala, na mtu wa kusema kweli kwamba wamepigwa. Mchungaji Anania Lukoo, mtu mwema aliyeogopa sana barua zenye mhuri, alifunga mkutano kwa kuunda kamati ndogo. Kamati ingeandika tamko la kusikitika, ambalo lingetolewa hali ikishatulia, ili lisije likachochea.

*

Damari alivuka mto siku ya Alhamisi, saa saba mchana. Walinzi wa mpaka walikuwa wamekwenda kula, kwa kuwa mwongozo wao ulisema wazi kwamba wahalifu huvuka usiku. Alikuja na binti zake wawili, Keziya na Rode, goti lake la kushoto limefungwa kwa kitambaa kilichokuwa cheupe.

Hulda aliwaingiza kwenye chumba cha nyuma alichowekea cherehani yake, akafunga dirisha. Alichemsha maji. Alikuwa na hofu, na papo hapo alikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba aliona haya mwenyewe. Damari hakusimulia mengi. Alisema walikuwa wanatembea tu, wamebeba majani mikononi, wanaimba nyimbo za kanisani kwa sababu ndizo walizojua wote. Mume wa Keziya alibaki barabarani.

"Usimwambie mtu," Damari alimwomba. "Watatufuata hawa wasichana."

Hulda hakumwambia mtu. Alimficha jirani, alimficha mwanawe wa mjini, alimficha hata Yokebedi Sanula, bibi mkongwe wa chama cha wanawake, ambaye kumficha jambo ni kazi kuliko kulima. Siku nzima alizungusha cherehani bila kushona kitu ili sauti za watu chumbani zisisikike nje. Majirani wakasema Mama Karani siku hizi ana tenda kubwa.

Jumatano ikafika, na Hulda akafanya kosa. Kosa hilo asingelifanya jambazi wala mpelelezi, wala mtu yeyote mwenye akili ya kujificha. Ni mtu wa sala tu anayeweza kulifanya. Goti la Damari lilikuwa limevimba usiku kucha, na mtu akiugua unaandika jina lake unalitia kwenye kikapu cha maombi. Hulda alichukua kikaratasi akaandika: Mwombeeni dada yangu Damari Nyambele, yuko kwangu chumba cha nyuma chenye cherehani, goti la kushoto linamsumbua sana. Pia binti zake wawili wana huzuni. Akatia sahihi yake ya ukarani, iliyokuwa inasomeka vizuri.

Alikumbuka kesho yake akiosha mchele. Waraka wa Kumi na Saba aliutangaza yeye mwenyewe kanisani, kwa sauti yake, neno kwa neno. Kikapu sasa kilianzia kwa Mkunde. Mchele ukamwagika wote kwenye mchanga, naye akakaa juu ya ndoo akajiita mjinga mara nyingi.

Alipomwambia Damari, Damari alicheka kile kicheko chake kizito mpaka machozi yakamtoka. Alisema katika nchi mbili hajapata kuona watu wa kumchongea mtu kwa Mungu na serikali kwa karatasi moja. Baada ya hapo wakashikana mikono, maana hakukuwa na pa kukimbilia.

*

Jumapili Mkunde alikuja na askari wanne na kabrasha la fomu. Alisubiri kwa heshima mpaka mahubiri yakaisha. Hulda aliposimama kusoma matangazo, alimfuata mbele akamkabidhi karatasi tatu.

Ilikuwa Fomu ya Kutofahamu. Serikali iliyoitunga ilikuwa na busara yake. Haikutaka kumfunga karani wa kanisa, jambo ambalo lingeleta maneno. Mhusika angetamka tu kwamba hana mgeni na hamfahamu, akatia sahihi, na mgeni huyo asiyekuwepo angechukuliwa kimya kimya hadi darajani. Fomu ilijazwa nakala tatu: moja ya tarafa, moja ya wilaya, moja ya wizara. Mchungaji Lukoo alikuwa ameshajaza zake sakristiani, chumba cha majoho, kabla ya ibada, kwa niaba ya usharika mzima, na sasa alikuwa ameketi anatazama viatu vyake. Kule nyuma mtu alinong'ona kwamba yupo mtume mmoja aliyewahi kukana mara tatu, ila yeye hakutakiwa kuandika.

"Ni sahihi tu, Mama Karani," Mkunde alimnong'oneza. "Tatu. Halafu endelea na matangazo yako, sisi tutapita nyumbani mara moja."

Hulda alishika kalamu. Aliona jinsi lori litakavyosimama mlangoni kwake, aliona lile goti likipandishwa kwa kuvutwa, na Keziya na Rode wakitembezwa kurudi kwa wale waliomuua mume wa mmoja wao. Aliona pia chumba cha mahabusu, maana hakuwa shujaa, na alikuwa na presha. Jumatano za miaka ishirini na miwili alikuwa amelitaja jina lile. Sasa alikuwa anaambiwa aandike kwamba hajalisikia.

"Namfahamu," alisema. "Yuko kwangu. Nimempokea mwenyewe na sitamtoa."

Mkunde alifungua kabrasha. Ilikuwamo fomu ya kukana, fomu ya kusahau, fomu ya kukana kuwa umesahau, na fomu ya kushangazwa na habari. Ya kukiri haikuwamo. Tangu wizara iundwe hakuna mtu aliyekuwa amekiri kitu.

"Mama, jibu hilo halina nafasi," alisema, akipekua kabrasha upya.

Ndipo Yokebedi Sanula alipoinuka, akiegemea mkongojo. Alisema kama ni hivyo, na yeye dada yake yupo, kwenye stoo ya karanga, wiki ya pili sasa, na amechoka kumwambia mjukuu kwamba ni panya. Akainuka mwingine, akainuka na wa pili yake. Hulda aliwatazama kinywa wazi. Kila mwanamke wa Lumeso alikuwa amempokea dada yake, na kila mmoja alikuwa amewaficha wenzake wote, akidhani ni yeye peke yake. Tofauti ni kwamba wengine, kwa hofu, waliandika kwenye vikaratasi "msafiri" au "mgonjwa wangu." Aliyeandika anwani ni mwalimu wao tu.

Mkunde alipoona mambo yanamzidi alishika kile anachokijua. Alitoa daftari akaanza kuorodhesha wageni, kila mwenyeji akimtajia wake, na kama kawaida yake alitamka kila alichoandika, kwa sauti ya ghalani.

"Selina Mbarao, stoo ya karanga!"

"Tuko naye," wakaitikia wanawake, kwa mazoea, bila kupanga.

"Atalia Kizenga, jikoni kwa mjane Mlasi!"

"Tuko naye."

Jina la kumi, wanaume nao walikuwa wanaitikia. La ishirini, mwalimu wa kwaya aliitikia analia, yeye aliyetaka Mlezi avunjwe kiuno. Askari mmoja alivua kofia. Mkunde aliendelea hadi jina la arobaini na moja, ambalo lilikuwa Damari Nyambele, na watu wakaitikia kwa nguvu hadi mabati yakatoa sauti. Hapo ndipo alipogundua kwamba kwa muda wa nusu saa, yeye, Afisa Maombi wa Tarafa, alikuwa ameongoza sala ya kwenda nje, yenye majina arobaini na moja, bila kibali.

Alimkamata Hulda kwa kosa la kusafirisha sala kwa kumtumia mtumishi wa umma.

*

Jumatatu asubuhi, akiwa mahabusu ya wilaya, Hulda alisikia malori yakipita kwenda darajani. Aliyahesabu. Yalikuwa matano. Alikaa sakafuni akalia kwa sauti, hakujali nani anamsikia, akamwambia Mungu maneno ambayo yasingepata mhuri hata wa kijiji.

Lakini kule darajani yalitokea ya serikali kwa serikali. Afisa wa Ng'ambo alikataa kupokea mzigo. Alisema, huku akifungua kitabu, kwamba nchini kwake hakujatokea machafuko, hivyo hakuna aliyekimbia. "Isitoshe," aliongeza, "watu wetu wote wapo, tena wamezidi kwa asilimia nne." Mkuu wa msafara wa upande huu alifungua kumbukumbu za semina, akakuta kauli ya Waziri imepigiwa mstari: hawajaondoka. Mtu ambaye hajaondoka anarudishwaje? Walibishana hadi adhuhuri wakiwa wamekubaliana kwa kila kitu. Kuwaacha watu darajani kulishindikana, kwa kuwa daraja lilikuwa linasubiri kuzinduliwa. Basi malori yakageuza, na kwa kuwa taratibu zinataka kila mzigo urejeshwe kwenye anwani iliyoandikwa, Damari na binti zake walishushwa kwenye chumba cha nyuma chenye cherehani, wakatiliwa mhuri.

Hulda aliyapata haya Jumanne, kwa mdomo wa askari aliyevua kofia. Wizara hata hivyo ilihitaji mtu mmoja wa kuwa na kosa. Kila asubuhi Mkunde alimletea zile karatasi tatu na kalamu mpya, na kila asubuhi alizirudisha tupu. Alimwambia Mkunde kwamba akiandika hamfahamu Damari, Jumatano atafungua kinywa amtaje nani? Mkunde alikiri kwamba usiku alikuwa halali vizuri, majina yalikuwa yanamjia kichwani.

Jumatano mlango ukafunguliwa akaingia Mchungaji Lukoo, koti limekunjamana, hajanyoa. Hulda alimgeuzia uso. Kwa siku tatu alikuwa amemchukia mtu huyo kwa moyo wote, na alikuwa bado hajamaliza. Mchungaji alimwendea Mkunde akaomba arudishiwe karatasi zake. Mkunde alimweleza kwamba fomu ya kufuta sahihi haijachapishwa.

Mchungaji aliitikia kwa kichwa, akaenda akaketi kwenye benchi la washtakiwa, kando ya Hulda.

"Baba Mchungaji, wewe huna kosa," Mkunde alimsihi. "Wewe ulitia sahihi."

"Ndilo kosa lenyewe," alisema Mchungaji.

Akafunika uso kwa mikono. Lilikuwa benchi fupi, la watu wawili, nalo lilikuwa na msumari upande mmoja. Hulda akasogea kwenye msumari, akampa nafasi.

Uani palisikika nyayo. Alikuwa Yokebedi na mkongojo wake, na Selina wa stoo ya karanga, na mjane Mlasi, na Damari akichechemea katikati ya binti zake, na nyuma yao wanawake wa pande mbili za mto wamejaa hadi barabarani, wote wakitaka kuandikishwa kosa. Mkunde alisimama na daftari lake, hajui aanzie wapi.

Hulda alimwita yule askari.

"Mwanangu," alisema, "leta benchi lingine."